Neema Kamchagua Elly, Wasomaji Wakanichukia Mimi

Mama Happy anauza viatu vya mtumba Kiboriloni. Kila kibonzo changu kikitoka huchukua nakala mbili, moja yake na moja ya kuazimisha majirani. Siku niliyompelekea toleo la mwisho la hadithi ya Neema, msichana anayepaswa kuchagua kati ya Baraka, fundi baiskeli, na Elly, dereva wa watalii, alilisoma palepale, kakaa pembeni ya turubai lake, akafika ukurasa wa mwisho na kulikunja.

"Mwanangu, huyu fundi baiskeli ulimchora vizuri hivyo ili iweje?"

Nikamjibu kwamba ndivyo maisha yalivyo, wasichana wengi wangemchagua mwenye gari. Akanitazama kama anavyomtazama mteja aliyetaja sh. 2,000 kwa kiatu cha 15,000.

Nachora hadithi za picha za mapenzi hapa Moshi, na nawafundisha vijana wachache kazi hiyo. Hiyo "ndivyo maisha yalivyo" nimeisikia kwao wote, na ni kinga mbovu. Mama Happy anajua fika kwamba mtu huweza kuchagua vibaya. Kashuhudia ndoa nyingi kuliko mimi. Kilichomkera ni kwamba picha zangu zilimwahidi jambo moja, maneno ya mwisho yakamletea lingine.

Nilirudi nyumbani nikatandaza matoleo yote manne sakafuni nikaanza kuhesabu fremu. Baraka, fundi wa Pasua, alikuwa na 58. Elly, anayeendesha gari la watalii kwenda geti la Marangu wanakoanzia kupanda Mlima Kilimanjaro, 23. Hata hivyo idadi ni jambo dogo ukitazama zilivyochorwa. Kuna ukurasa ambao Baraka anaziba pancha. Beseni la maji, tyubu inazamishwa kipande kwa kipande kutafuta tundu, Neema kashika upande wa pili. Fremu ya tatu ni vidole tu: vya Baraka vina grisi hadi kwenye kucha, vya Neema vina rangi ya kucha iliyobanduka nusu, na katikati yao mapovu yanapanda. Hakuna neno hata moja. Ukurasa ule ulinila usiku mzima. Mkono wangu ulishamwozesha Neema kwa Baraka, kichwa kikawa bado kinabisha.

Elly je? Kavaa miwani ya jua. Toleo la kwanza hadi la nne hajaivua, hata ndani ya nyumba. Sababu ni aibu kuitaja: miwani ni rahisi kuchora. Matokeo yake nilimpa msomaji bwana harusi ambaye hajawahi kumwona macho.

Na kwenye fani hii macho ndiyo kila kitu. Katika manga, yaani vibonzo vya Kijapani, zile za wasichana, uso unapojaza fremu nzima na maua yakatokea nyuma yake hali chumbani hakuna ua hata moja, msomaji ameshajua moyo uko wapi. Chukua Hana Yori Dango ya Yoko Kamio, iliyoanza mwaka 1992. Tsukushi, mtoto wa familia isiyo na kitu kwenye shule ya matajiri, anaishia kwa Tsukasa, yuleyule aliyewachochea wenzake wamtese, na Rui mpole anabaki pembeni. Wapo wasomaji ambao hawajalisamehe hilo mpaka leo. Lakini huwezi kusema umeviziwa, maana kwa juzuu zaidi ya 30 Kamio anambadilisha yule kijana mbele yako, polepole, na ubabe wake anakuachia uuone.

Wengine wameamua kutochagua kabisa. Archie, kijana wa kibonzo cha Marekani, alianza mwaka 1941, na kwa miongo mingi aliwekwa katikati ya Betty na Veronica, kwa kuwa pembetatu ikifungwa na duka limefungwa. Toleo la 600, mwaka 2009, akamchumbia Veronica. Matoleo machache mbele hadithi ikarudi njia panda, safari hii akamwoa Betty. Ujanja wa biashara, lakini nilicheka.

Hukohuko Marekani, mwaka 1954 wachapishaji wa vibonzo walijiwekea kanuni zilizotaka hadithi za mapenzi zisisitize thamani ya nyumba na utakatifu wa ndoa. Mwisho ukawa unaamuliwa kabla wino haujagusa karatasi. Nilikuwa nikiwasimulia vijana wangu habari hiyo kwa dharau, mpaka nilipokumbuka kwamba mimi mwenyewe niliamua kabla ya toleo la kwanza kwamba Neema ataangushwa na tamaa, ili mabinti wajifunze. Mimi sikulazimishwa na kanuni ya mtu.

Tena huo uhalisia niliojitetea nao nilikuwa sina. Kila mtu Moshi anajua kuanzia Julai hadi Oktoba mji umejaa wageni, na masika yakiingia, Machi hadi Mei, waongozaji na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wengi wanashinda vijiweni. Elly wangu alikuwa anamwaga hela mwezi wa nne! Na Neema, aliyepanga chumba Majengo, hakuwahi kudaiwa kodi. Mwenye nyumba anayetaka ya miezi 6 kwa mkupuo sikumchora. Mama yake kule Machame, mshenga, debe la mbege, vyote sikuvichora. Nilimpa uamuzi mzito bila kumwekea mzigo wowote mgongoni.

Nimelichora upya toleo la nne. Neema bado anamchagua Elly. Ila sasa zipo kurasa tatu za mwezi wa nne: mvua, gari la kampuni limerudishwa yadi, Elly kakaa kibarazani bila miwani, na barua ya mwenye nyumba iko mkononi mwa Neema. Baraka anapita na baiskeli, fremu moja, mgongo tu. Vijana wangu walitaka niondoe ile fremu ya vidole ili Elly akubalike. Nimekataa. Ikiondoka ile, Neema hajapoteza kitu.

Wiki iliyopita nikampelekea Mama Happy. Alisoma taratibu zaidi, akarudi ukurasa wa mvua mara mbili.

"Huyu msichana ni mjinga," akasema. "Na atajuta." Kisha akaanza kunieleza habari ya mdogo wake na kodi ya mwaka fulani, viatu vikasahaulika, mpaka mteja akaja kuuliza bei.