Mdau ni Mwenye Dau

Mdau ni mtu aliyeweka kitu chake katika shughuli, kiasi kwamba shughuli hiyo ikienda mrama naye hupoteza. Maana yake ni hiyo tu, na ningeishia hapo kama neno hili lisingekuwa limegeuzwa kuwa salamu. Juzi vijana wa hapa Bagamoyo, ambao wametengeneza filamu fupi ya dakika 14 kwa fedha za michango, walisambaza kionjo chake, yaani kipande kifupi cha kuitangaza, Instagram na katika magrupu ya WhatsApp kwa maneno haya: "Wadau, mzigo uko hewani, sambazeni!" Lilikuwa tangazo lao la sita kuanza na "wadau", na kama yale matano yaliyotangulia, lilimlenga yeyote mwenye simu.

Tuanze na mzizi. Dau ni kile ambacho wachezaji wa kamari huweka katikati kabla karata hazijagawanywa: asiyeweka hachezi, na aliyeweka hawezi kujifanya mpita njia. Kutoka hapo neno likapanuka. Magazeti ya michezo huandika kwamba klabu imepandisha dau la mchezaji, na katika mnada husemwa kwamba fulani hajafika dau. Kote huko dau ni thamani inayotoka mfukoni mwa mtu kabla hajajua kama atapata anachokitaka. Ukiweka kiambishi m- mbele yake unapata mtu wa dau, kama vile mshamba alivyo mtu wa shamba na mbara mtu wa bara. Ukiliondoa dau, kinachobaki ni m- peke yake, na sidhani kama kuna anayetaka kuitwa hivyo.

Liko pia dau la pili, chombo cha baharini, ambalo kwa sisi wa pwani ndilo huja kichwani kwanza. Mzee mmoja aliwahi kuniuliza, kwa dhati kabisa, kama wadau wa elimu wanaotajwa redioni ni wenye vyombo. Sikumcheka. Hayo ni maneno mawili yaliyofanana kwa sauti, ingawa nakiri kwamba ile methali ya dau la mnyonge kutokwenda joshi inawafaa sana watengenezaji wa filamu wasio na fedha ya kulipia matangazo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba katika filamu ya michango wadau wa kweli wapo na wanahesabika, na ukimwita kila mtu mdau unawafuta hao. Mfuasi wa ukurasa amebonyeza kitufe tu. Hakuweka chochote, na kesho anaweza kukibonyeza tena akaondoka. Mtazamaji anakuja kazi ikiwa imekwisha, anaona anachopewa, kisha anaamua. Mwekezaji ameweka fedha, lakini ana fungu lake katika faida ikipatikana, na kwa kawaida ana mkataba. Mchangiaji hana faida ya kungojea. Kickstarter, jukwaa la Marekani la kuchangisha fedha mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2009, linakataza hata kuwaahidi wachangiaji gawio la mapato. Wanachoweza kuahidiwa ni mambo kama jina mwishoni mwa filamu, fulana, au kiungo cha kuitazama. Tena huko, mradi usipofikia kiasi kilichotajwa, hakuna anayekatwa senti. Vijana wetu hawakuwa na utaratibu huo: fedha zilitumwa kwa simu, zikapokelewa zilivyokuja, na jina la kila aliyetuma likaandikwa katika daftari la mistari.

Katika daftari hilo yumo mama anayekaanga samaki pale sokoni pwani. Alituma shilingi 10,000 kabla picha ya kwanza haijapigwa, na ule ujumbe wa muamala hajaufuta mpaka leo. Habari ya kionjo aliipata kwenye status ya mteja wake, akiwa anageuza changu karaini. "Kumbe kimeshatoka?" aliniambia. "Na mimi ni mdau, sawa na asiyetoa hata mia?" Nilitafuta jibu la kumtetea kijana wa matangazo, sikulipata.

Tofauti hii ina kazi, wala si ubishi wa kamusi. Mwenye dau hustahili kuambiwa kwanza, kuelezwa fedha zimetumikaje, na kutumiwa filamu nzima kwa kiungo cha siri chenye nywila, maana filamu ikiwekwa wazi YouTube mapema yapo matamasha yatakayoikataa. Mtazamaji wa kawaida anatosheka na kionjo na tarehe ya kuoneshwa. Hizo ni habari mbili kwa watu wawili, na zikiunganishwa katika tangazo moja, wa kwanza hujiona amesahauliwa, na wa pili huitwa kwa jina asilolielewa. Na huyo mama, kama angekipata kionjo kabla ya wengine, hata kwa saa chache, kila aliyekuja kununua samaki angeoneshwa simu yake, bila malipo yoyote ya tangazo.

Niliwashauri vijana, kwa upole, kwamba tangazo la wote waanze na "watazamaji wetu", na neno "wadau" liachwe kwa waliomo daftarini. Walikubali, isipokuwa mmoja aliyeuliza kuhusu mama yake mzazi, ambaye hakutuma hata shilingi ila aliwapikia wali waigizaji wote kwa siku tatu, kwa mchele wake na mkaa wake, na sufuria kubwa ikaungua kitako. Nilimwambia huyo ni mdau, aandikwe. Aliuliza mbele ya jina lake waandike kiasi gani, nikamwambia waandike sufuria.