Besi ya kwanza iliyowatesa Astros

Nikiulizwa timu ya besiboli imvumilie hadi lini mpigaji aliyepoteza makali, hujibu kwa kisa cha José Abreu na Houston Astros, msimu wa 2024. Nimechambua visa vingi vya aina hii, lakini hiki kina jambo ambalo wengi hulikosea: mbadala wake hakuwa nyota. Alikuwa mchezaji wa kawaida tu, na bado alitosha.

Wachezaji wa ndani, yaani wanaolinda karibu na besi (vituo ambavyo mkimbiaji hupitia ili apate alama), ni wanne: wa besi ya kwanza, wa pili, wa tatu, na shotistopu anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Shotistopu akipiga vibaya husamehewa, maana kudaka na kurusha kutoka pale ni kazi ngumu na wanaoiweza ni wachache. Wa besi ya kwanza hana msamaha huo. Muda mwingi anapokea mipira anayorushiwa na wenzake, ndiyo maana timu humweka pale mtu mwenye gongo zito. (Najua wapenzi wa ulinzi wataninunia. Wanune.)

Abreu alikuwa na gongo hilo. Akiwa Chicago White Sox, Mcuba huyu alitajwa mchezaji bora wa American League, moja ya ligi mbili kuu za Marekani, mwaka 2020. Mwishoni mwa 2022, Astros wakiwa mabingwa, wakampa mkataba wa miaka 3 wa dola milioni 58.5. Alikuja kurithi nafasi ya Mcuba mwenzake, Yuli Gurriel, ambaye mwaka 2021 aliongoza ligi hiyo kwa wastani wa kupiga (mipira salama aliyopiga ikigawanywa kwa zamu zake rasmi), kisha 2022 akaporomoka. Yaani walimwacha mzee wakamchukua aliyekuwa anakaribia miaka 36, tena klabu haina meneja mkuu: James Click alishaondoka, Dana Brown hajaajiriwa.

Dalili zilikuwepo. Wastani wa Abreu mwaka 2022 ulikuwa 0.304, ukapendeza macho. Lakini homurani, ile mipira inayovuka uzio, zilishuka kutoka 30 mwaka 2021 hadi 15. Wastani unaweza kubebwa na bahati ya mpira kuangukia pasipo mtu. Nguvu haibebwi na bahati kwa msimu mzima.

Hapa ndipo umri unapouma. Mpira wa kilomita 153 kwa saa humfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4. Ndani ya muda huo auone, aamue, azungushe gongo. Mikono ikichelewa hata kidogo, dawa pekee ni kuanza mapema, na anayeanza mapema anaamua kabla hajaona mpira unaelekea wapi. Mrushaji akilijua hilo anamtupia slaida, mpira unaokuja kama wa kasi halafu unakwepa mwishoni, naye anapiga hewa. Akijirekebisha asubiri slaida, mpira wa kasi unampita. Watazamaji husema amepoteza kujiamini. Mara nyingi mpigaji anajiamini vizuri tu. Kilichopotea ni muda.

Mwaka 2023 Abreu alimaliza na wastani wa 0.237, huku mgongo ukimsumbua. Kisha kwenye mechi za mtoano akapiga homurani 4, na matumaini yakarudi. Mimi huziogopa sana wiki mbili nzuri za mchezaji mzee, kwa sababu viongozi wa timu hukumbuka hizo na kusahau miezi sita iliyotangulia.

2024 ikaanza: mipira 7 salama, ile inayomfikisha mpigaji kwenye besi, katika zamu rasmi 71. Hiyo ni 0.099, na mbaya zaidi, timu nzima ilianza kwa ushindi 7 na vipigo 19. Abreu akakubali kwenda kwenye kituo cha mazoezi cha klabu huko Florida kujinoa upya. Aliporudi mwishoni mwa Mei akapiga 7 kati ya 42. Juni 14 akaachwa.

Wa kuziba nafasi yake walikuwepo nani? Joey Loperfido, kijana aliyepiga homurani 13 katika mechi 25 za ligi ya chini, lakini alihitajika zaidi uwanja wa nje, na Julai akauzwa Toronto. Mauricio Dubón hucheza karibu kila mahali, ila nguvu ya besi ya kwanza hana. Victor Caratini ni mdakaji, yule anayepokea mipira ya mrushaji nyuma ya mpigaji, aliyeweza kuazimwa siku mojamoja. Akabaki Jon Singleton, aliyewahi kuachwa na Astros hao hao mwaka 2018, akapitia Mexico na kurudi.

Singleton alimaliza 2024 na wastani wa 0.234 na homurani 13. Takwimu hizo hazimtishi mrushaji yeyote. Ila zilinganishe na 0.124 ya Abreu na homurani zake 2. Mbadala hapimwi kwa kile Abreu alichokuwa mwaka 2020; anapimwa kwa kile anachotoa Abreu leo. Fedha nazo hazikupaswa kuingia kwenye hesabu, maana milioni 19.5 za mwaka zingelipwa awepo asiwepo. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Kilichokuwa kinapotea bado ni zamu za kupiga, na nafasi moja kati ya 26 za kikosi.

Astros walimaliza na ushindi 88 na vipigo 73, wakatwaa kundi lao la magharibi. Sitasema ni kwa sababu ya Singleton. Mpigaji Yordan Álvarez na warushaji walibeba mzigo mkubwa kuliko yeye. Lakini shimo lilizibwa.

Desemba 2024 klabu ikamsajili Christian Walker kwa besi ya kwanza: miaka 3, dola milioni 60, umri 33. Ulinzi wake ulisifiwa kuwa wa hali ya juu, na kwa umri alikuwa na nafuu kuliko Abreu alivyokuja. Mimi cha kwanza nilichotaka kuangalia ni mipira ya kasi anaipigaje.