Servo ya ndege ya rimoti: kucheza si kupona

Ndege ikianguka, macho yote huenda kwenye bawa lililopasuka na propela iliyokatika. Servo, kile kimota kidogo kinachosogeza sehemu za kuongozea ndege, hupewa sekunde mbili: betri inachomekwa, kijiti cha rimoti kinasukumwa, eleveta (bapa la mkiani linaloinua na kushusha pua ya ndege) inapanda na kushuka, mtu anasema "iko fiti", gundi ikikauka ndege inarudi hewani. Kwa wanaorusha ndege kwenye viwanja vya wazi vya Dar, dhana hii ndiyo inayoangusha ndege ile ile mara ya pili.

"Ikicheza, ni nzima." Si lazima. Ndani ya servo mna mota ndogo, gia kadhaa, saketi, na potenshiometa inayoijulisha saketi mkono wa nje wa servo umefika pembe gani. Jino moja la gia likikatika, ukisukuma kijiti haraka mkono unapita pale bila wewe kuona. Chomoa kwanza waya unaosukuma eleveta, servo ibaki peke yake. Kisha, kwa testa (kifaa cha kujaribia servo) au kwa rimoti, izungushe polepole kutoka ncha hadi ncha. Kwa kawaida pulsi, yaani ishara fupi ya umeme, ya mikrosekunde 1500 ndiyo katikati, na 1000 na 2000 ndizo ncha. Mkono uteleze bila kuruka. Ukisikia "krk" mahali palepale kila ukipita, jino limeondoka. Baada ya hapo uzuie mkono kidogo kwa kidole: servo nzima inakaza, mbovu inaachia huku mota ikizunguka bure. Usiushikilie muda mrefu, maana mota iliyozuiwa hula umeme mwingi na kuchemka. Mwisho, irudishe katikati kutoka kushoto, halafu kutoka kulia. Ikisimama sehemu mbili tofauti, gia zimelegea au potenshiometa imechakaa.

"Inatetemeka, tupa." Subiri kwanza. Hamishia servo hiyo kwenye chaneli (tundu) nyingine ya risiva, kile kifaa cha ndani ya ndege kinachopokea mawimbi ya rimoti. Mtetemo ukiifuata, servo ndiyo mgonjwa, na mara nyingi ni potenshiometa iliyolika pale katikati, kwa kuwa mkono hushinda hapo. Mtetemo ukibaki kwenye chaneli ya zamani, tafuta kwenye risiva au plagi. Nadhani servo nyingi nzuri zimeishia jalalani kwa sababu ya plagi iliyolegea tu.

"Gia za chuma hazivunjiki." Huvunjika, ila kwa shida kuliko za plastiki. SG90, servo ndogo ya gia za plastiki, hupoteza meno, na kuizungusha polepole kunakuonyesha. MG90S, ndugu yake wa gia za chuma, huweza kupitisha mshtuko hadi kwenye shafti au masikio ya kufungia skrubu. Kagua masikio hayo kwa tochi, ufa wake ni mwembamba kama unywele.

"Inanguruma, imeungua." Servo ya kidijitali ikishikilia mzigo hunguruma, ni kawaida yake. Wasiwasi uanze ikinguruma na kupata moto hata baada ya kuchomolewa ule waya unaosukuma eleveta.

"Imekauka, imepona." Hii ni ya wanaorusha ufukweni, Coco Beach na Kigamboni. Maji ya bahari yakikauka huacha chumvi, na chumvi hula saketi na mota taratibu. Toa betri mara moja, suuza kwa maji safi, kausha kabisa, pima kama nilivyoeleza. Hata ikifaulu, mimi siifungi tena kwenye eleveta. Ikafungue magurudumu ya kutulia.