Aladini alipitia Paris

Mwombe mtu akutajie visa viwili vya Alfu Lela Ulela. Aghalabu atakwambia Aladini na taa yake, kisha Ali Baba na wezi arubaini. Mimi hufundisha fasihi ya Kiingereza, na hupenda kuanzia hapo, kwa kuwa visa hivyo viwili havimo katika nakala kongwe ya Kiarabu.

Vilitoka kinywani mwa Hanna Diyab, kijana Mkristo wa Aleppo, Syria. Mwaka 1709 alikuwa Paris, akakutana na Antoine Galland aliyekuwa akitafsiri Alfu Lela Ulela kwa Kifaransa. Nakala ya Galland ilikuwa imemwishia na wasomaji bado wana hamu. Diyab akasimulia, Galland akaandika muhtasari katika shajara yake, halafu akavinenepesha na kuvichapa bila kumtaja msimuliaji. Baadaye zilizuka Paris nakala za Kiarabu za Aladini, wataalamu wakafurahi. Muhsin Mahdi, mtafiti wa Iraki, alikuja kuonyesha kuwa zilitafsiriwa kutoka Kifaransa kilekile cha Galland!

Waingereza hawakungoja Galland amalize majuzuu yake 12, yaliyotoka kati ya 1704 na 1717. Tafsiri ya Kiingereza kutoka Kifaransa hicho ilianza kuuzwa London mnamo 1706, na watoto wa vizazi kadhaa wakakua nayo. Edward Lane, aliyewahi kuishi Cairo, alianza kuchapisha yake kutoka Kiarabu mwaka 1838. Richard Burton, yuleyule aliyepita Unguja akielekea bara na mpelelezi mwenzake Speke, alifuata mwaka 1885. Huyu kwangu anachosha: Kiingereza chake ni cha kale cha kujitungia, na tanbihi zinameza hadithi.

Mshairi Mwingereza Coleridge alizisoma hadithi hizi utotoni, zikamtia hofu hata baba yake akavichoma moto vitabu. Lakini ukitaka kuona zilivyozama, msome Dickens, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza. Katika riwaya yake ya 1854, Hard Times, mwalimu mpya anaingia darasani kupima watoto wanajua nini. Dickens anamfananisha na Morgiana, yule mjakazi wa Ali Baba, akichungulia mtungi mmoja baada ya mwingine aone kilichomo. Hamwelezi msomaji Morgiana ni nani. Msomaji anajua, na anajua pia mafuta ya moto aliyowamiminia wezi waliojificha katika mitungi ile, kwa hiyo anawahofia watoto kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Pwani yetu ilizipata kwa njia nyingine. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alichapisha London mwaka 1870 hadithi alizosimuliwa Unguja kwa Kiswahili. Mojawapo ni ya Hasibu na mfalme wa nyoka, ambayo imo pia katika Alfu Lela Ulela ya Kiarabu. Kitabu chake kilitangulia tafsiri ya Burton kwa miaka 15, na wasimulizi wake hawakuwa wamemsoma Galland.