Kabla ya slaidi ya kwanza, sema nani anakulipa

Kaskazi moja, katika ukumbi mmoja wa Raskazone, Tanga, nilikaa safu ya tatu nikisikiliza mada ya shinikizo la damu. Msemaji alikuwa bingwa anayeijua kazi yake. Slaidi ya pili ilikuwa tamko la mgongano wa maslahi, yaani kampuni zipi zina uhusiano wa kifedha naye. Akasema, "Hii mnaijua, tuendelee," ikapita kabla sijamaliza mstari wa kwanza.

Kando yangu alikaa tabibu kijana aliyetoka Mkinga kwa basi la alfajiri. Saa nzima aliandika. Nilipochungulia daftari lake, jina la dawa alilolipigia mstari mara mbili lilikuwa la biashara. Dawa yenyewe ni amlodipini, na kituoni kwake ipo, ila kwa jina lake halisi, lisilo la kampuni yoyote. Mgonjwa atakayeandikiwa lile la daftarini ataambiwa hakuna, atakwenda duka la dawa, atanunua vidonge vya siku kumi kwa sababu pesa imeishia hapo. Akirudi na presha juu, tutasema hafuati masharti.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani hapa Tanga, na kuratibu vikao vya mafunzo endelevu ni sehemu ya kazi yangu. Watu huja kutafuta elimu, na huja pia kutafuta pointi za CPD, yaani za mafunzo hayo endelevu, maana bila hizo Baraza la Madaktari Tanganyika halihuishi leseni. Kwa hiyo anayeshika kipaza sauti anazungumza na watu ambao hawawezi kuinuka na kuondoka. Hilo peke yake linamdai uaminifu wa ziada.

Kipimo ninachokitumia ni kanuni za ACCME, chombo cha Marekani kinachotoa ithibati kwa waandaaji wa elimu endelevu ya tiba. Toleo la sasa lilitangazwa Desemba 2020. Msemaji anaeleza uhusiano wake wote wa kifedha na kampuni za dawa na vifaa tiba ndani ya miezi 24 iliyopita, bila kujali kiasi. Hakuna kiwango cha chini. Wapo wanaoona huo ni ukali. Mimi naona ni kumjua binadamu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na hawakutaja bei. Sisi Watanzania tuna neno takrima, na tunakumbuka kwamba mwaka 2006 Mahakama Kuu iliifuta kwenye uchaguzi. Mpiga kura akilindwa dhidi ya pilau ya mgombea, mgonjwa naye alindwe dhidi ya pilau ya kampuni.

Tamko linatolewa kabla ya mada kuanza, linataja kampuni na aina ya uhusiano, na halibebi nembo. Asiye na uhusiano wowote naye anasema hana.

Lakini kutamka hakutoshi, na hapa ndipo waandaaji wengi tunateleza. Fomu tunaipokea, tunaiweka kwenye faili, basi. Kazi ndiyo kwanza inaanza: daktari asiye na maslahi azipitie slaidi, au msemaji abaki kwenye chanzo cha ugonjwa na mwenzake ashike mapendekezo ya tiba. Mwajiriwa wa kampuni hafundishi kuhusu bidhaa za mwajiri wake, isipokuwa katika hali chache mno, kwa mfano kuonyesha namna ya kutumia kifaa kwa usalama bila kushauri kitumike kwa nani. Maonyesho ya biashara hayakai ndani ya ukumbi wa mafunzo dakika 30 kabla wala dakika 30 baada. Kwetu meza ya maboksi ya dawa nimeiona palepale tunapotia saini mahudhurio.

Huniuliza wenzangu: chakula atalipa nani? Kampuni ikitaka kuchangia, impe mwandaaji, naye aamue wasemaji na matumizi. Isipochangia, chai na maandazi vinatosha. Nimeendesha vikao hivyo na watu wamekuja.

Wengine huona tamko ni kama kukiri kosa. Sivyo. Korogwe, mkoani kwetu, ilikuwa kati ya vituo 11 vya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoanza 2009, na kampuni iliyoitengeneza ni GSK. Mtafiti aliyeshiriki pale ana mengi ya kutufundisha kuliko mimi niliyesoma tu. Akisema mapema kwamba alikuwemo, nitamsikiliza kwa makini zaidi, na nitajua wapi pa kumuuliza.

Kikao kijacho zamu ya kuzungumza ni yangu, kuhusu presha tena. Nitasoma hivi, polepole, projekta ikiwa bado imezimwa: "Miezi 14 iliyopita kampuni moja inayouza dawa za presha ililipia nauli na malazi yangu kwenye mkutano. Jina lake ni hili. Slaidi zangu zimepitiwa na mwenzangu asiye na uhusiano nayo. Dawa zote nitazitaja kwa majina halisi. Mkinisikia nimeteleza, nikatizeni."

Tabibu wa Mkinga nimemwalika.