Kijana wa AS anapokojoa damu: maswali kuhusu saratani adimu ya figo

Mtoto wetu wa miaka 19, hapa Lubumbashi, ni AS (amerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu) na anakojoa damu. Kituo cha afya kinasema ni kichocho. Je, inatosha?

Kichocho kipimwe, naam. Tena mara nyingi damu hiyo kwa mtu wa AS hutoka kwenye ncha za ndani za figo zilizoharibika, bila uvimbe wowote. Lakini ipo saratani ya medula ya figo, yaani ya sehemu ya ndani ya figo, iliyoelezwa Marekani mwaka 1995 na Davis, Mostofi na Sesterhenn, ambayo karibu wote wanaoipata ni AS, wengi wao vijana wa kiume, na huanza zaidi katika figo ya kulia. Watu wengi wa AS hawataipata kamwe. Hata hivyo, kijana wa AS mwenye damu katika mkojo, maumivu ya ubavuni au anayekonda asirudishwe nyumbani na tembe peke yake kabla ya kufanyiwa ekografi (picha ya mawimbi ya sauti).

Kwa nini AS, na tunaambiwa AS si mgonjwa?

Katika medula oksijeni ni haba, chumvi na asidi ni nyingi, kwa hiyo chembe nyekundu za damu ya mtu wa AS hupinda hapo hata zikiwa zimetulia kwingineko mwilini. Watafiti wanahusisha hali hiyo na kupotea kwa jeni ya SMARCB1, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisizaliane ovyo.

Inathibitishwaje?

Skana huonyesha uvimbe na mahali ulipoenea, ila jina la saratani hutolewa na mpatholojia, daktari anayechunguza kipande cha uvimbe maabarani. Kwenye hadubini huona seli zilizojipanga kama wavu kati ya nyuzi ngumu, pamoja na chembe nyekundu zenye umbo la mundu. Kisha hutafuta INI1, protini inayotokana na jeni hiyo ya SMARCB1: katika seli za saratani haipo, ilhali seli nzima zilizo jirani bado zinayo. Bila kipimo hicho, ni rahisi kuichanganya na saratani ya mifereji ya figo.

Familia isaidie vipi?

Pelekeni karatasi ya elektroforezi (kipimo cha damu kinachoonyesha kama mtu ni AS), na mwombe neno «AS» liandikwe kwenye fomu ya maabara, kwani mpatholojia asiyelijua huenda asifikirie kabisa ugonjwa huu. Kipande cha uvimbe kiwekwe katika formoli (dawa ya kuhifadhi) ya asilimia 10, kamwe kisiwekwe katika maji. Ikiwa kipimo cha INI1 hakipatikani karibu, kipande kikishagandishwa katika parafini husafirishwa bila barafu hadi maabara nyingine.