Mzee kukonda si uzee tu

Arua, kama kwingi Uganda, mzee akipungua mapaja watu husema: ni uzee tu. Si kila mara. Figo zikidhoofika, asidi huongezeka kwenye damu, hamu ya chakula hupotea, na misuli huyeyuka polepole.

Kinachonitia hofu zaidi ni kipimo chenyewe. Kreatinini, taka inayopimwa kwenye damu kukagua figo (ikizidi, ni dalili kwamba figo zimedhoofika), hutokana na misuli. Mwenye misuli michache huitoa kidogo, hivyo majibu yanaweza kuonekana mazuri ilhali figo zimechoka. Mweleze daktari kwamba mzee amekonda, na uombe mkojo upimwe protini. Palipo na kipimo kingine cha damu cha kukagua figo, sistatini C, kisichotegemea sana misuli, kitasaidia zaidi. Na tafadhali, usimnyime vyakula vya protini kama maharage au samaki kwa kuhofia figo kabla daktari hajashauri.